Ua wa Nyuma ya Maduka: Udongo, Maji na Kivuli

Katika miji midogo ya Usukumani maduka aghalabu hujengwa kwa safu moja, yakielekea barabarani. Mbele hupakwa rangi na kuandikwa jina. Nyuma hubaki uwanja mtupu wa kupakulia magunia, kuchemshia chai na kutupia takataka. Uwanja huo waweza kuwa mahali pazuri pa mapumziko, na wapo wenye maduka ambao hujaribu kuufanya hivyo kwa njia inayokuja upesi akilini: humwaga zege kutoka ukuta hadi ukuta, hupanga viti, na kungoja watu. Baada ya misimu michache ya mvua zege hupasuka, na alasiri hakuna anayekaa pale. Fedha zimepotea. Sababu zake zaweza kuelezwa kwa kuitazama Nyalikungu, kata ya mji wa Maswa, mkoani Simiyu.

Jambo la kwanza ni udongo. Wakulima wa Kisukuma huutaja udongo kwa majina yanayofuata mteremko wa ardhi. Juu, karibu na vilima vya mawe, kuna luseni, mchanga mwepesi unaopitisha maji upesi. Chini yake huja itogolo, ambao ukikauka huwa mgumu kama sakafu. Na bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliuita mpangilio wa namna hii kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wakulima walikuwa wakiujua mnyororo huo pasipo Kilatini.

Mbuga ndiyo adui wa zege. Chembe zake zimejengwa kwa tabaka nyembamba mno, mithili ya kurasa za kitabu, na maji hupenya katikati ya tabaka hizo na kuzisukuma zitengane. Udongo huvimba wakati wa masika. Wakati wa kiangazi husinyaa na kufunguka nyufa ambazo mkono huweza kuingia. Zege la kipande kimoja haliwezi kupanda na kushuka pamoja na ardhi, kwa hiyo huvunjika. Mahali penye mbuga ni afadhali kuchimba na kuondoa udongo wa juu, kushindilia moramu, kisha kutandaza mchanga na kupanga vitofali vya saruji visivyounganishwa kwa saruji. Vikibonyea mahali fulani, huinuliwa, mchanga huongezwa, na kazi imekwisha. Palipo na luseni taabu hii yote si lazima.

Maji nayo yana hesabu yake. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuchukue paa la maduka lenye mita 300 za mraba: mvua ya milimita 40, ambayo yaweza kunyesha kwa alasiri moja, humwaga lita 12,000, yaani mapipa 60 ya lita 200. Maji hayo yakiachwa yaanguke chini ya ukuta, huloanisha mbuga iliyo chini ya msingi, na nyufa za sakafu hufuatwa na nyufa za nyumba. Hapana budi sakafu iinamie mbali na jengo, sentimita 2 kwa kila mita, na maji ya paa yapelekwe mbali kwa mfereji.

Yapelekwe wapi? Hapa ndipo lilipo swali la kivuli. Maswa iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, hivyo katikati ya mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa karibu juu ya utosi, na ukuta hautoi kivuli cha maana. Adhuhuri hiyo haifiki saa sita. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, na Maswa iko karibu na nyuzi 34. Kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, jua hufika juu kabisa kwenye saa saba kasorobo. Kwa sababu hiyo saa kumi na moja jioni jua la Maswa lingali na nguvu, nalo huchoma kutoka magharibi.

Kama ua uko mashariki mwa maduka, hakuna kazi kubwa. Saa hiyo ya jioni, katikati ya Machi, fimbo ya mita 1 hutoa kivuli cha mita 1.8 hivi (wanafunzi na wapime wenyewe), kwa hiyo ukuta wa mita 4 hufunika zaidi ya mita 7 za ua. Benchi likiwekwa kando ya ukuta linatosha. Ua ulio magharibi ndio wenye dhiki, kwa maana jengo huutilia kivuli asubuhi, wakati hakihitajiki sana.

Watu wengi hudhani kwamba mti wa kivuli sharti uwe karibu na mahali pa kukaa, nao huupanda mita mbili tu kutoka ukutani. Katika mbuga hilo ni kosa, kwa sababu mizizi hufyonza unyevu chini ya msingi na kuuzidishia udongo ule kusinyaa. Hesabu ya fimbo yaonyesha njia nyingine. Mti wa mita 8 utatupa kivuli cha ncha yake mita 14 hivi upande wa mashariki. Ukipandwa mita 10 kutoka jengo, kwenye mpaka wa magharibi, utafunika viti vilivyo katikati ya ua, na mizizi yake itakuwa mbali na nyumba. Mfereji wa paa uishie hapohapo, katika beseni la udongo lililo wazi kuuzunguka mti.

Mti una faida ambayo bati halina. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke majanini hunyonya joto linalotosha kupasha lita 7 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100. Bati huzuia mionzi tu, kisha lenyewe hupata moto na kuurudisha chini; zege nalo huhifadhi joto la mchana na kulitoa wakati watu wanapokuja kukaa. Mwarobaini huvumilia ukame na hukua upesi. Mkwaju ni wa polepole, lakini ni mti wa nchi hii na huishi miaka mingi. Mwembe una kivuli kizito kuliko yote mawili, ila maembe yaliyooza huita nzi, jambo ambalo muuza chai hatalishukuru.

Katika miaka ya kwanza hatari kubwa ya mche si ukame bali mbuzi. Boma la matawi ya miiba lafaa kuuzunguka. Minyaa, ingawa ni ua wa kawaida Usukumani, haifai mahali wanapocheza watoto, maana utomvu wake mweupe hudhuru macho.