Alama 88 za The Conquerors: kweli ipi, porojo ipi?

Ubishi wa gemu za vita haupishani sana na ubishi wa Simba na Yanga: kila mtu ana takwimu zake, na hakuna anayekubali kushindwa. Mojawapo ya mabishano yaliyodumu zaidi yanahusu The Conquerors, nyongeza ya Age of Empires II iliyotoka Agosti 2000. Wapo wanaosema bila hiyo mchezo ungekufa mapema. Wapo wanaosema ilisifiwa kwa sababu ya jina tu. Pande zote mbili hupenda kutaja wahakiki wa wakati huo kama mashahidi, na hapo ndipo uongo mwingi unapoingilia.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: humu hakuna kusubiriana zamu. Unaanza na jengo moja la mji, wanakijiji watatu na skauti. Wanakijiji wanakata miti, wanawinda, wanalima, wanachimba dhahabu; unajenga kambi, unatoa askari, na muda wote huo adui upande wa pili wa ramani anafanya hayohayo, pengine haraka kuliko wewe. Mchezo wa kwanza wa Age of Empires II, The Age of Kings, ulitengenezwa na studio ya Ensemble ya Dallas, Marekani, ukatolewa na Microsoft mwaka 1999. Nyongeza ilifuata baada ya mwaka mmoja hivi, mbunifu wake akiwa Sandy Petersen. Sasa twende kwenye madai.

"Nyongeza ni makombo ya mchezo wa kwanza."

Kwa The Conquerors, si kweli hata kidogo. Ukisoma orodha ya vilivyoongezwa unaona mataifa matano: Waazteki, Wamaya, Wahun, Wahispania na Wakorea. Unaona pia kampeni za Attila, El Cid na Montezuma, na mapigano mafupi manane ya kihistoria, kuanzia Tours ya mwaka 732 hadi Noryang ya 1598. Mtu anaweza kusema hayo ni mapambo. Lakini Waazteki na Wamaya walikuja bila farasi hata mmoja, kwa sababu Amerika haikuwa na farasi kabla ya Wahispania kuwapeleka. Hawana zizi la farasi, na hata skauti wao anatembea kwa miguu. Katika mchezo ambao nusu ya mbinu zake hutegemea kasi ya farasi, hilo ni sawa na kuandika kanuni upya kwa upande mmoja wa meza.

Halafu kuna mambo madogo yasiyopendeza kwenye tangazo. Zamani shamba likiisha rutuba ulilazimika kulirudia mwenyewe na kulilipia tena, hata kama ngome yako inaungua wakati huo. The Conquerors ilikuruhusu kulipia mashamba ya baadaye mapema pale kinuni. Mwanakijiji aliyemaliza kujenga kambi ya mbao alianza kukata miti bila kuambiwa. Kila taifa lilipata teknolojia yake moja ambayo wengine hawana. Aliyewahi kucheza matoleo yote mawili hataki kurudi kwenye lile la kwanza, na sababu kubwa ni mashamba kuliko Montezuma.

Hata hivyo kauli hiyo ya makombo haikutoka hewani. Victors and Vanquished, nyongeza ya mchezo huohuo iliyotoka Machi 2024, ilileta mapigano 19 bila taifa jipya hata moja, na mengi kati ya hayo yalikuwa yameshatolewa bure na shabiki kabla ya kupigwa msasa na kuuzwa. Wachezaji walinung'unika, na sioni kwa nini wasingenung'unika.

"Alama zake ziko chini ya za mchezo wa kwanza, kwa hiyo ni mbaya zaidi."

Hili hurudiwa na watu wanaosoma namba bila kujua zinapima nini. Metacritic, inayokusanya alama za wahakiki na kuzitafutia wastani, inaipa The Age of Kings 92 na The Conquerors 88. Namba ni sahihi, hitimisho ndilo lililopinda.

Mhakiki wa mwaka 1999 alikuwa anapokea mchezo mpya mzima. Mwenzake wa mwaka 2000 alikuwa anapokea kitu kinachotumia picha zilezile, sauti zilezile na injini ileile, kisha anaulizwa kama kinastahili pesa ya pili ya msomaji. Alama ya nyongeza daima inabeba swali la bei na la upya. Haimwambii msomaji ni toleo gani atakuwa bado analicheza baada ya miaka kumi. Na katika nafasi yake nyongeza hiyo haikudharauliwa: chuo cha tuzo za gemu cha Marekani, kile cha Academy of Interactive Arts & Sciences, kiliupa mchezo wa kwanza tuzo ya mkakati kwa mwaka 1999, na mwaka uliofuata kikaipa The Conquerors tuzo hiyohiyo, ikiwa nyongeza na si mchezo kamili.

Kama bado unaamini namba peke yake, tazama toleo la HD la mwaka 2013. Ni mchezo uleule, pamoja na The Conquerors ndani yake, na Metacritic inalipatia alama 68. Wahakiki walikuwa wakihukumu kukwama kwa mechi za mtandaoni na kazi ndogo iliyofanywa kwenye picha, wala hawakuwa wamegundua ghafla kuwa Wamaya ni wabaya. Toleo jipya la Definitive Edition la Novemba 2019 likapanda tena hadi 84. Kiini ni kilekile. Kilichopanda na kushuka ni ganda.

"Wahakiki waliona kila kilichomo."

Si kweli, na hapa ndipo napenda kukaa zaidi.

Fikiria kazi ya mhakiki wa gazeti la gemu wakati ule. Anapewa diski, ana tarehe ya mwisho, mara nyingi anacheza dhidi ya kompyuta, labda na mwenzake wa ofisini mara mbili tatu. Kompyuta ya mwaka 2000 haikuadhibu makosa kama binadamu anavyoadhibu. Kwa hiyo anaweza kueleza vizuri kampeni, picha, mataifa na bei. Usawa wa mataifa hawezi kuuona, kwa sababu siku hiyo bado haujakuwepo. Utatokea watu wengi watakapokuwa wameshapigana vya kutosha kujua nani anashinda nani, kwenye ramani ipi, dakika ya ngapi.

Mfano mzuri ni Wahun. Kila taifa lingine lazima lijenge nyumba ili liongeze watu. Wahun hawajengi nyumba. Wanalipa kwa kuanza na mbao pungufu, basi. Katika orodha ya mambo mapya hiyo inasomeka kama kichekesho kizuri: wahamaji wa nyikani, wataka nyumba za nini? Ilipofika kwa wachezaji wa mashindano ikawa silaha. Mwanakijiji asiyejenga nyumba anakata miti. Mchezaji asiyekumbuka nyumba anafikiria jeshi. Ongeza mazizi yanayotoa farasi haraka na wapiga mishale wa farasi wa bei nafuu, kisha weka yote hayo kwenye ramani ya Arabia, uwanja wazi usio na msitu wa kujifichia. Kwa miaka mingi mechi za mtu mmoja kwa mmoja kwenye Arabia zilikuwa Wahun kwa Wahun, kwa makubaliano, kwani ukichagua taifa lingine umeanza na mzigo. Mhakiki wa Agosti 2000 hangeweza kuyajua hayo, na simlaumu. Namlaumu anayemtumia leo kama shahidi.

Marekebisho rasmi yalisaidia kiasi. Toleo la 1.0c liliwapunguzia Wakorea makali ya minara yao. Baada ya hapo waundaji walihamia kazi nyingine, Microsoft ikafunga huduma ya kuunganisha wachezaji wa gemu za diski mwaka 2006, na Ensemble yenyewe ikafungwa mapema mwaka 2009. Mchezo ukabaki mikononi mwa watu waliokuwa wakiupenda, wakicheza kupitia jukwaa la mtandaoni la Voobly na kutengeneza marekebisho yao wenyewe.

Jambo hilohilo lilitokea, kwa ukubwa zaidi, kwa StarCraft: Brood War, nyongeza ya Blizzard ya mwaka 1998. Ilileta tabibu wa vitani anayeponya askari wa miguu, na kwa tabibu huyo jeshi la miguu la Terran, upande wa binadamu, likapata uhai mwingine. Mabadiliko ya mwisho ya usawa yalikuja mwaka 2001. Kuanzia hapo namba hazikuguswa, lakini ligi za televisheni za Korea Kusini ziliendelea miaka mingi na mbinu ziliendelea kubadilika, kwa sababu ya wachezaji na kwa sababu ya watengeneza ramani waliojua kuweka mlima hapa na kuziba njia pale. Aliyehakiki Brood War wiki ya kwanza alihakiki mbegu.

"Wakorea waliingizwa kwa sababu za biashara."

Kweli. Petersen ameeleza kuwa walikuja mwishoni, Microsoft ikitamani soko la Korea lililokuwa limelewa StarCraft. Haraka hiyo inaonekana: hawana kampeni yao, wana pambano moja tu la Noryang. Meli yao ya kobe, hata hivyo, ni moja ya vitu vitamu zaidi kwenye mchezo mzima.

"Achana na wahakiki, maoni ya wachezaji wa Steam ndiyo ukweli."

Nusu. Mchezaji ana muda ambao mhakiki hana, na hilo si dogo. Lakini Steam, duka la gemu la mtandaoni, inampa kidole gumba cha juu au cha chini tu, na kidole cha aliyecheza nusu saa kina uzito sawa na cha aliyecheza saa elfu. Zaidi ya hapo, kidole mara nyingi kinajibu swali tofauti na ubora.

Return of Rome, nyongeza ya Mei 2023, ilipokelewa kwa mchanganyiko. Ilirudisha mataifa ya mchezo wa kwanza kabisa wa Age of Empires ndani ya injini ya Age of Empires II, ila kampeni zake za zamani hazikuwemo siku ya kutoka. Hasira hiyo ilikuwa na msingi. The Three Kingdoms ya Mei 2025 ilizua ugomvi hata kabla haijatoka: mataifa yake matatu, Shu, Wu na Wei, ni dola za China za karne ya 3, zikiingizwa kwenye mchezo wa zama za kati pamoja na mashujaa wenye majina. Wengi waliokasirika walikuwa wakiipigania roho ya mchezo, na mimi niko upande wao zaidi kuliko upande wa muuzaji. Lakini kwenye kifurushi hichohicho walikuwemo Wajurchen na Wakhitan, ambao watu walikuwa wamewaomba. Kidole gumba hakina nafasi ya kusema "hawa ndiyo, wale hapana."

Kinyume chake ni Dynasties of India ya Aprili 2022. Wachezaji walikuwa wamelalamika muda mrefu kwamba taifa moja linaloitwa "Wahindi" ni dharau kwa bara zima. Nyongeza ikalivunja: Wahindustani, Wabengali, Wadravidi, Wagurjara. Malalamiko yaliyosemwa kwa maneno ndiyo yaliyofanya kazi, si vidole.

"The African Kingdoms ilitupa haki yetu."

Ilitoa sehemu. Nyongeza hiyo ilitoka Novemba 2015, ikitengenezwa na kundi la Forgotten Empires ambalo lilianza kama mashabiki: kazi yao ya bure ya mwaka 2012 iligeuzwa nyongeza iliyouzwa rasmi mwaka uliofuata. Iliwaleta Waberiberi, Wahabeshi, Wamali na Wareno. Kucheza Sundjata, mwanzilishi wa dola ya Mali, badala ya Joan wa Arc lilikuwa jambo la kufurahisha kweli, na panga lililopinda la askari wa Kihabeshi ni silaha halisi ya huko.

Ukichimba, maswali yanaanza. Wamali wamepewa wanawake warusha visu wanaoitwa Gbeto, jina linalotoka ufalme wa Dahomey, karne nyingi baada ya Sundjata na mbali na nchi yake. Na taifa la nne la nyongeza yenye jina la Afrika ni la Ulaya. Kampeni ya Wareno inamfuata Francisco de Almeida, aliyeiteka Kilwa mwaka 1505 na kuichoma Mombasa wiki chache baadaye. Maana yake pwani ya Waswahili imo, lakini inaonekana kutoka kwenye sitaha ya meli, na anayeshika usukani ni mvamizi. Jengo maalumu la Wareno, feitoria, linazalisha mali bila kufanyiwa kazi na mtu. Wachezaji wengi wamelilalamikia kwa sababu linarefusha mechi bila mwisho. Mimi lingenikera kwa sababu nyingine: vituo hivyo vya biashara havikuzalisha kitu chenyewe, vilikula biashara ya watu waliokuwepo.

Waswahili hawakuwemo kama taifa la kuchezwa, na si kwa kukosa sifa. Kilwa ilipiga sarafu zake, ilinufaika na dhahabu ya Sofala, ilijenga kwa mawe ya matumbawe. Mchezo unaohesabu dhahabu, mawe na meli za biashara ungekuwa na kila cha kuanzia.

"Lazima ununue The Conquerors kivyake."

Zamani, ndiyo: ilihitaji diski ya mchezo wa awali, kisha yake. Leo imo ndani ya Definitive Edition, pamoja na The African Kingdoms.