Ndege wa mitaani wahitaji maji kuliko mafuta

KATIKA mitaa ya Buruburu, Umoja na Kaloleni, mashariki mwa jiji la Nairobi, si ajabu kumwona mkazi akiwamwagia shomoro ugali wa jana. Anayetaka kuwakirimu zaidi huenda akaiga desturi ya Uingereza, ambako vidonge vya shahamu, yaani mafuta magumu ya ng'ombe, huuzwa kwa ajili ya ndege wa bustanini. Je, desturi hiyo yafaa huku kwetu?

Huko Ulaya ina sababu. Usiku wa majira ya baridi huweza kuzidi saa 15, ardhi huganda na wadudu huadimika. Ndege mdogo huteketeza akiba yake ya mwilini ili asife kwa baridi, nayo shahamu humpa nguvu nyingi kwa tonge dogo.

Nairobi iko karibu na ikweta. Ingawa Julai huwa na baridi, usiku ni wa takriban saa 12, na wadudu hupatikana mwaka mzima. Isitoshe, jua la mchana huyeyusha shahamu, ikaharibika na kuwapaka ndege. Manyoya yaliyolowa mafuta hayazuii baridi wala mvua.

Lipo pia tatizo la wageni wasioalikwa. Jaa la Dandora, lililoanza kutumiwa mwaka wa 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, liliendelea kupokea taka, na huwavutia korongo mfukoshingo, mwewe na kunguru. Nyama na mafuta yanayomwagwa uani huwasogeza walaji hao karibu na nyumba, pamoja na panya. Kunguru huiba mayai na makinda ya ndege wadogo.

Wema wa kweli hauna gharama kubwa. Wimbi au mtama kiasi cha kuliwa siku hiyo hiyo watosha kwa shomoro na tetere. Kipande cha papai humfaa shore. La muhimu zaidi ni maji. Hata maji yanapotoka kwa mgao, kikombe kimoja katika sahani pana chatosha. Yabadilishwe kila siku, na sahani isuguliwe, ili mbu wasizaliane na maradhi yasienee.

Tena, ua wa michongoma usifyekwe ovyo wala kunyunyiziwa dawa bila sababu. Kwera, japo hula nafaka, huwalisha makinda wake wadudu. Asiye na wadudu uani hatamwokoa kinda kwa ugali.