Jua la Colorado juu ya paa la Dar es Salaam

Picha ya nyumba ambayo haijajengwa ina uzuri wake. Nyasi ni za kijani hata kiangazi, gari jipya limeegeshwa mlangoni, anga halina wingu, wala hakuna waya wa umeme unaokatiza mbele ya dirisha. Mtaani huitwa ramani ya 3D, ingawa ramani si picha, na kwa wateja wengi ndiyo ushahidi kwamba mbunifu majengo wao anaijua kazi. Hapo tumechukua makumbi tukaacha nazi. Picha huchotwa kutoka kwenye mfano wa vipimo vitatu ulio ndani ya kompyuta, yaani jengo zima lenye urefu, upana na kimo, na katika yote yawezayo kupatikana humo, picha ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote. Faida kubwa ni kwamba mfano unaweza kuulizwa maswali. Tatizo ni kwamba hujibu kwa kadiri ya ulichouambia, na kuna jambo moja ambalo wengi husahau kuuambia: nyumba yenyewe iko wapi duniani.

Tuanze na swali jepesi, la ngazi. Ramani ya karatasi huikata nyumba kwa kisu cha kufikirika, kwa kawaida kwenye kimo cha kama mita 1.2 juu ya sakafu, kisha hutuonyesha kinachoonekana tukitazama chini. Kilicho juu ya kisu hubaki mistari ya nukta, au hakichorwi kabisa. Chukua ghorofa mbili zilizopishana kwa mita 3. Vipandio vya sentimita 15 vitakuwa 20, na kwa kina cha sentimita 28 kila kimoja, ngazi iliyonyooka itakula zaidi ya mita 5 za sakafu. Kwenye ramani inaenea vizuri. Lakini kama juu ya kipandio cha 6 inapita bimu ya zege ambayo tumbo lake liko mita 2.55 kutoka sakafu ya chini, anayekanyaga kipandio hicho yuko tayari sentimita 90 juu, na amebakiwa na mita 1.65 za kupitisha kichwa. Ramani haikukosea popote, haikuulizwa tu. Katika mfano wa vipimo vitatu kosa hilo huonekana dakika ile bimu inapowekwa, wakati kulirekebisha bado ni kazi ya kusogeza kipanya, si ya kuvunja zege.

Jua ni swali gumu zaidi, na hapa ndipo picha nzuri hudanganya. Programu inayopendwa sana na wanaoanza ni SketchUp: unachora mstatili, unauvuta juu, tayari una ukuta. Ilitolewa mwaka 2000 na kampuni ya @Last Software ya mji wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani. Google wakainunua mwaka 2006, kisha ikaenda kwa Trimble mwaka 2012. Ina kitufe cha kuwasha vivuli kwa tarehe na saa utakayo. Desturi yake ni kwamba faili lisilopewa mahali huchukuliwa kuwa liko kwao, Boulder, kwenye nyuzi 40 hivi kaskazini ya ikweta. Huko jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Ukuta wa kaskazini haupigwi na jua la adhuhuri hata siku moja.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini ya ikweta. Tangu mapema Machi hadi kama tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita mchana hupita kaskazini. Miezi inayobaki hupita kusini, na siku za kuvuka huwa utosini kwelikweli. Mwezi Juni hushuka hadi nyuzi 60 juu ya upeo wa kaskazini. Desemba huwa kusini, lakini limepanda hadi nyuzi 73. Kwa hiyo dirisha la kimo cha mita 1.2 linalotazama kaskazini linahitaji upenu wa sentimita 70 hivi juu yake ili lifunikwe kivuli adhuhuri ya Juni, wakati la kusini linatosheka na sentimita 36 adhuhuri ya Desemba. Anayetumia faili lisilo na mahali atapata jibu lililogeuzwa kama nguo iliyovaliwa ndani nje: ataweka upenu mpana kusini na vioo vitupu kaskazini, na picha yake itakuwa na vivuli vya kupendeza. Programu haikusema uongo. Imejibu kwa haki kabisa kuhusu nyumba iliyoko Colorado.

Ukishaipa mahali sahihi, inaanza kukufundisha. Geuza dirisha lile lile litazame magharibi, kisha weka saa kumi na nusu alasiri, siku ya mwezi Machi ambapo usiku na mchana ni sawa. Jua liko nyuzi 30 tu juu ya upeo. Upenu wa kulikinga dirisha sasa unahitaji zaidi ya mita 2, na huo si upenu tena, ni varanda. Nusu saa baadaye hata varanda haitoshi. Mbunifu anayeliona hilo kwenye kioo cha kompyuta ataacha kupamba ukuta wa magharibi kwa vioo, atapeleka huko ngazi, stoo na bafu, na mteja ataokoa gharama ya kiyoyozi bila hata kujua kwamba mjadala ulikuwepo.

Wapo watakaosema kwamba mafundi wa zamani walijenga nyumba zenye ubaridi bila kompyuta. Ni kweli, ila tuangalie walivyoweza. Katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, sakafu ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ambao haukuzidi sana mita 3. Kuta nene, vyumba vyembamba, uwazi wa ndani: sehemu kubwa ya umbo ilikwisha kuamuliwa na vifaa na mazoea ya vizazi. Fundi hakuhitaji kuuliza kila mara kwa sababu jibu lilikuwa limo ndani ya boriti. Zege, nondo na vioo vikubwa vimetuondolea kizuizi kile, na pamoja nacho busara iliyokuwa imefichwa humo. Anayetaka sebule ya mita 7 yenye ukuta wa kioo lazima aulize upya.

Pingamizi zito zaidi ni la eneo la ujenzi: fundi hufanya kazi na karatasi, si kompyuta. Hilo silipingi. Bali karatasi inayochotwa kwenye mfano mmoja haiwezi kujipinga yenyewe kirahisi. Dirisha likisogezwa, linasogea kwenye ramani, kwenye mkato na kwenye sura ya mbele kwa pamoja, hasa katika programu kama Revit na ArchiCAD ambamo ukuta unajulikana kuwa ni ukuta, si mistari miwili tu. Gharama nayo ni hoja, lakini si ya kufunga mlango. Blender ni huru tangu mwaka 2002, na FreeCAD haina malipo pia. Ninachokiogopa zaidi katika programu nzito kama Revit na ArchiCAD ni haraka yao ya kudai majibu: zinataka zijue unene wa ukuta na aina ya mlango wakati mbunifu bado hajaamua nyumba itazame wapi. Kwa hatua hiyo penseli bado haina mshindani.

Kuna na yasiyoingia kwenye mfano mpaka mtu ayapeleke. Kivuli kikiwa sahihi, upepo wa kaskazi na wa kusi bado haumo. Mwembe wa jirani haumo. Zaidi ya yote, ghorofa ambalo jirani hajalijenga halimo, na mjini, ambako nyumba ya chini huvunjwa na kupisha jengo refu, hilo ndilo litakaloamua mwanga wa sebule. Kulipima si kazi kubwa. Chora boksi la kijivu kwenye kiwanja cha pili, lipandishe hadi kimo cha juu kabisa kinachoruhusiwa mtaani hapo, halafu washa vivuli tena. Picha itaharibika. Huenda mteja asiipende, lakini mjadala wa wapi pa kuweka madirisha utafanyika siku hiyo.