Kimia cha Damu Katika Kichwa cha Mbuzi

Swali linaloulizwa mara kwa mara katika maeneo makavu ya Makueni, kama vile mji wa Kambu ulioko kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, ni kwa nini mbuzi hustahimili jua la adhuhuri linalomshinda mchungaji wake. Sehemu ya jibu imo katika ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, zinazopita shingo ya juu na kitako cha fuvu, kwa kuwa ateri hizo hazikupangwa kwa namna moja katika wanyama wote.

Kwa binadamu, ateri ya karotidi ya ndani hupanda shingoni na kuingia fuvuni ikiwa mshipa mmoja mnene. Kwa mbuzi aliyekomaa, sehemu ya shingoni ya ateri hiyo huwa imeziba, na damu hupitia ateri ya taya, ambayo ikifika fuvuni hugawanyika kuwa vijiateri vingi vyembamba vinavyosokotana, kisha huungana tena kabla ya kuingia ubongoni. Msokotano huo unastahili kuitwa kimia, jina linalofaa kuliko wavu, kwa kuwa uzuri wake wote umo katika wembamba wa nyuzi. Anayepasua kichwa cha mbuzi kwa ajili ya supu anaweza kukiona kimia hicho akiinua ubongo na kukata utando mgumu ulio chini yake, kwani kimelala pande zote mbili za tezi ya pituitari.

Kimia hicho kimezama ndani ya sinasi ya kavanosi, uwazi uliojaa damu ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) inayotoka puani, ambako imepozwa na unyevu unaokauka kila mnyama anapovuta pumzi. Mama anayetaka kupoza uji haraka hauachi katika sufuria moja, ambamo katikati hubaki pa moto, bali huugawa katika vikombe vidogo na kuvisimamisha ndani ya beseni la maji baridi, ili joto litoke kupitia kuta nyembamba bila uji kuchanganyika na maji. Na maji yakianza kupata joto, huyamwaga na kutia mengine. Vijiateri ndivyo vikombe, sinasi ndiyo beseni, na pua ndiyo inayoleta maji mapya bila kukoma. Lililo bora zaidi ni kwamba vena za usoni zina misuli inayoweza kuielekeza damu hiyo baridi kwenye sinasi au kuipitisha njia nyingine, hivyo upoaji huwashwa na kuzimwa kadiri ya haja.

Mwaka 1972, C. R. Taylor na C. P. Lyman walionyesha kwamba swala tomi aliyekimbia kwa dakika 5 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa alikuwa na ubongo wenye joto lililo chini ya lile la damu ya karotidi kwa nyuzi 2.7 za Selsiasi. Uchunguzi wa baadaye juu ya wanyama walio huru porini umeelekea zaidi kwenye faida nyingine, nayo ni kubana maji, kwani ubongo uliopoa hupunguza amri ya kuhema na kutoa jasho.

Galeni, tabibu wa karne ya 2 aliyepasua wanyama, alidhani binadamu naye ana kimia, na kosa hilo lilifundishwa kwa zaidi ya miaka elfu moja hadi Andreas Vesalius alipolikanusha waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1543. Ubongo wa mchungaji wa Kambu hupokea damu ikiwa na joto lilelile la mwili wake, na kwa hiyo, hata mifugo ikiendelea kula juani bila wasiwasi, yeye anapaswa kutafuta kivuli na kunywa maji mapema, bila kungoja kizunguzungu.