MAHINDI YA BABATI: UZURI WA MKAKASI?

Wanunuzi wa mahindi mjini Babati wanaotazama rangi na ukubwa wa punje pekee wanaweza kujikuta na mzigo usiouzika. Sumukuvu haionekani kwa macho, na hasara yake inajulikana.

Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Siku chache baadaye ikayaruhusu kwa sharti la cheti kuonyesha kuwa sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo.

Sumu hiyo hutolewa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Wapo wanaotoa sumu kali na wapo wasiotoa kabisa. Kuvu hao hawana dume wala jike, bali aina mbili za uzazi, na kila aina hupandana na ya pili tu.

Kwa baadhi ya kuvu wa magonjwa, aina ya uzazi huenda sambamba na ukali. Kuvu wa kriptokokasi, aletaye homa ya uti wa mgongo hasa kwa wenye UKIMWI, hukutwa kwa wagonjwa karibu wote akiwa wa aina moja, alfa. Aina ya pili katika kundi lake kuu ilidhaniwa imetoweka, hadi mwaka 2000 ilipotangazwa kuwa imepatikana kwa mgonjwa wa Tanzania.

Kuvu wa mahindi ni tofauti. Aina zote mbili huweza kutoa sumu, kwani uwezo huo umo katika vinasaba vingine. Hata hivyo, mwaka 2009 ilibainika kuwa aina hizo huzaana, na baadaye kwamba kuvu asiye na sumu akipandana na mwenye sumu, uzao wao unaweza kuirithi.

Kwa hiyo shamba lililotoa mahindi safi mwaka jana si dhamana ya mwaka huu. Aidha, ukame shambani na unyevu ghalani huongeza hatari.

Kinachomlinda mfanyabiashara ni kununua mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, kutenga punje zilizooza au kuvunjika, na kupima sampuli kabla ya kupakia. Lori likisharudishwa Namanga, nauli imekwisha kulipwa.