Mbolea ya Bei Nafuu: Ile Tofauti Hulipwa na Nani?

Wanavikundi wengi huuliza: iweje mbolea ile ile iwe bei mbili? Jibu ni ruzuku. Ruzuku ni pesa serikali inaongeza juu ya ile unayolipa wewe, ili muuzaji apate bei yake kamili nawe utoe kidogo.

Tuchukue mfano. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilikuwa likiuzwa dukani karibu shilingi 6,500. Mwezi wa Septemba mwaka huo serikali ikaanza kuliuza kwa 3,500, na mwaka 2023 ikashusha tena hadi 2,500. Mbolea yenyewe haikuwa rahisi huko inakotoka. Ile 3,000 iliyobaki mwaka wa kwanza ililipwa na Hazina, yaani kutoka kwa kodi. Na kodi tunalipa sisi sote, hata yule mama anayenunua sabuni na kutuma pesa kwa simu. Kwa hivyo usiende pale kama mtu anayeomba msaada.

Lakini ruzuku inaweza kuisha. Julai 2022 unga wa kilo 2 uliwekwa shilingi 100, serikali ikiwalipa wenye viwanda ile tofauti. Maduka mengi hayakuupata, na baada ya wiki chache mpango ukaisha, bei ikarudi juu.

Sasa, shida yetu kubwa ni njia. Mkulima aliandikishwa kwa chifu pamoja na ekari zake, kisha akangoja ujumbe kwa simu, ndipo aende depo ya Bodi ya Nafaka. Tuseme depo iko mbali, na unahitaji magunia mawili tu. Ukilipa pikipiki 1,000 kwa kila gunia, sehemu ya faida yako imebaki barabarani. Watu kumi wakikodisha pikapu moja kwa 5,000, kila gunia la wale ishirini linabeba 250 peke yake. Hapo ndipo kikundi kina kazi. Kila mmoja awe na kitambulisho chake na ujumbe wake.

Jambo lingine: mwaka 2024 baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia mpango huu ilipatikana haina ubora, na wakulima walikuwa wameshapanda. Bei nafuu si kitu kama mahindi yatabaki manjano. Wekeni risiti, na msitupe mfuko mtupu hadi mvune. Bila hivyo viwili, ukienda kulalamika utaulizwa ulinunua wapi.