Kustaafu nyuma ya geti: hesabu ya mzee mmoja wa Kolwezi

Mjomba wangu ana umri wa miaka 68 na anaishi peke yake mjini Kolwezi, katika nyumba ya matofali ya kambi ya zamani ya wafanyakazi wa migodi. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo watoto wake wawili, mmoja Lubumbashi na mwingine Johannesburg, wanampigia simu kila Jumapili na ombi lile lile: Papa auze nyumba, wao waongeze fedha, ahamie kwenye mojawapo ya makazi mapya yenye ukuta, geti moja na walinzi usiku na mchana.

Mzee husikiliza, hushukuru, kisha huuliza habari za wajukuu.

Nilikaa naye wiki mbili kiangazi hiki, nikidhani ni ukaidi wa uzee tu. Sivyo. Amepiga hesabu kuliko watoto wake.

Watoto wana sababu zao. Vumbi la malori ya madini huingia hadi kwenye sufuria. Umeme wa SNEL hukatika bila taarifa, na maji ya bomba hayana ratiba. Nyuma ya geti wanaahidiwa kisima kirefu, jenereta, barabara ya lami na, jambo ambalo binti yake hulirudia kila mara, mlinzi atakayegundua kwamba mzee hajatoka nje tangu jana. Kwa mtu mwenye presha anayelala peke yake, hilo si jambo dogo.

Shida inaanza kwenye malipo. Nyumba za aina hiyo katika Lualaba hujengwa zikilenga mameneja na wakandarasi wa migodi, kwa hiyo bei yake ni ya dola, na ada ya kila mwezi ya ulinzi, taka na mafuta ya jenereta ni ya dola pia. Pensheni ya CNSS huja kwa faranga. Tena huhesabiwa kwa mishahara iliyotangazwa na miaka iliyochangiwa, mfanyakazi akikatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri akitoa kiasi hicho hicho kwa ajili ya uzeeni. Wazee wengi wa ukanda huu wana miaka mirefu ya kazi na mapengo makubwa katika michango.

Halafu kuna parseli yenyewe. Nyuma ya nyumba mjomba amejenga vyumba viwili, anapangisha vijana wanaofanya kazi migodini. Ana miembe miwili, tuta la lengalenga na matembele, na meza barabarani ambapo binti wa jirani humuuzia makala na sabuni. Jioni moja tulikaa na daftari tukajumlisha: vyumba peke yake vinamwingizia zaidi ya pensheni. Makazi yenye geti kwa kawaida hayaruhusu vyumba vya kupangisha uani, wala meza ya makala. Kwa hiyo akihama, gharama zinapanda na mapato yanakatika siku hiyo hiyo.

Jambo jingine alilitaja kwa sauti ya chini. Akifa, kilio kitafanyikia wapi? Katanga msiba hukaa nyumbani. Watu hulala uani chini ya turubai, wanawake hupika, kwaya huimba hadi asubuhi. Kilio cha mkewe kilijaza uwanja mzima na kumwagikia barabarani. Katika makazi ambako kila mgeni huandikwa jina getini na kelele zina saa yake, watu wale mia mbili wangewekwa wapi? Binti yake alijibu kwamba siku hizi watu hukodi ukumbi. Ni kweli, wanakodi. Mzee hakusema kitu.

Ukuta si mgeni Kolwezi. Mji ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière, Wazungu upande wao na Waafrika upande wao, kukiwa na ardhi tupu katikati. Kambi za wafanyakazi nazo zilikuwa makazi ya kufungwa kwa namna yake: kampuni ilitoa nyumba, posho, shule na hospitali, na iliamua nani aishi humo. Watu walisema Gécamines ni baba na mama. Mwaka 1986 kampuni ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikufikisha hata 40,000. Mwaka 2003 na 2004, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 walitoka, na ugomvi kuhusu malipo yao uliendelea miaka mingi. Mjomba ni mmoja wao. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika kitabu kizima kuhusu wana Shaba walioachwa na baba yao. Ukimwambia mtu wa kizazi hicho kwamba kuna kampuni nyingine itakayomtunzia maji, umeme na usalama hadi kufa, usishangae akinyamaza.

Lakini kubakia pia kuna hatari yake, na hapa ndipo nilipoona watoto wana hoja kuliko wanavyojua. Mwaka 2014 mkazi wa mtaa wa Kasulo alichimba uani kwake akakuta madini ya kobalti. Muda si mrefu watu walikuwa wakichimba hata ndani ya vyumba vyao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilitengwa kwa uchimbaji, ununuzi wa madini ukapewa kampuni ya Congo Dongfang Mining, familia zaidi ya 500 zikahamishwa na ukuta ukajengwa. Huo nao ni ukuta wenye geti, ila wenyeji ndio waliobaki nje.

Kisha Cité Gécamines, iliyokuwa na watu wapatao 39,000. Mgodi wa kampuni ya COMMUS ulipoanza tena kazi mwaka 2015, shimo lilizidi kusogelea nyumba. Ripoti ya Amnesty International ya Septemba 2023 ilieleza kuta zilizopasuka, nyumba zilizotiwa alama na wakazi waliosema fidia haikutosha kununua nyumba inayolingana na ile waliyoiacha.

Sheria iko wazi, ingawa haifariji. Tangu sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Mwananchi hupewa haki ya kuutumia, na madini yaliyo chini hayamo katika haki hiyo. Ukuta mzuri haubadilishi kitu hapo. Ila kuna tofauti ambayo wauzaji wa nyumba za geti hawaitaji. Kwa sheria hiyo, Mkongomani kama mtu binafsi anaweza kupata haki ya kudumu. Kampuni haiwezi, yake ni ya muda, usiozidi miaka 25, hata kama inaweza kuongezwa. Kwa hiyo anayenunua nyumba katika eneo linaloshikiliwa na kampuni anapaswa kujua kama kipande chake kitakatwa na kupewa hati ya usajili kwa jina lake, au kama ananunua tu karatasi ya kampuni. Na kwa nyumba yoyote, mpya au ya zamani, afike kwenye ofisi ya CAMI, inayotunza ramani ya vibali vya madini, aulize nani ana kibali mahali hapo.

Nilipomweleza mjomba haya, aliniomba niyaandike kwa herufi kubwa. Jumapili iliyofuata simu ilipoita, alimwacha binti yake aseme yote kuhusu jiko jipya na maji ya moto. Kisha akamwambia kwamba yuko tayari kwenda kuiona nyumba hiyo, lakini kwanza amtumie nakala ya hati ya kiwanja. Binti aliuliza hati ipi. Mzee akanigeukia, akavaa miwani, akaanza kumsomea karatasi yangu taratibu.